Mistari Iliyo Kwenye Mabano

Vitabu vya zaburi ni kumi na viwili,
sisi ni thelathini na kitu, Ijumaa, Ruwi,
saa tatu kamili mpaka saa nne na nusu,
kisha Wamalayali wanaingia na kinanda chao.
Kwa hiyo tunasomea mabegani, watatu kwa kitabu,
nguo zetu zikinukia udi
wa nyumba tunazofanyia kazi.

Upande wa dirisha husoma mstari,
upande wa mlango hujibu.
Mwakio hutuongoza kwa kidole.
Yeye ni dereva wa lori la maji, sauti yake ina breki.
Penye Sela tunanyamaza.
Hakuna ajuaye maana yake;
mama aliniambia ni mahali pa kumezea mate.
Kiyoyozi kinavuma. Mtu anakohoa. Tunaendelea.

Maneno yangu mwenyewe yaliniishia mwaka wa kwanza,
yakabaki ndiyo madamu, tayari madamu, nakuja.
Ndipo nikajua kitabu hiki kina kazi gani.
Ni sufuria la matanga: halina mwenyewe,
linazunguka, na kila nyumba
limeungua kidogo.
Pembeni, kwa penseli, mtu ameandika
*miezi minne bila mshahara*.
Chini yake, mwandiko mwingine:
*mimi sita*.

Kuna mistari iliyofungiwa mabano,
ile inayomwomba Mungu alipize, na haimwombi kwa adabu.
Ruhusa kuiruka, Mwakio hutuambia,
nasi tumeiruka kila mara kama dimbwi
tukiwa na viatu vya kanisani.

Ijumaa ile Mkawasi hakuruka.
Upande wa mlango ulikwishahamia mstari wa mbele,
yeye yumo ndani ya mabano, peke yake,
anasoma taratibu kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya muuzaji aliyemwibia jana.
Hakupaza sauti.
Alifika mwisho wa mabano, akatoka,
akatungoja.

Mwakio aliondoa kidole kitabuni.
Sela, akasema,
na hapo hapakuandikwa Sela.

Tukanyamaza hadi Wamalayali wakabisha mlango.

Zamu ya kabati ilikuwa yangu.
Nikavihesabu: kumi na kimoja.
Mkawasi alikuwa keshavuka barabara,
mkoba kaubana kwapani.
Nikahesabu tena, maana Mwakio alikuwa akinitazama.
Kumi na viwili, nikasema,
nikafunga.