Mita Mia Tatu

Usoni pameandikwa, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi: mita mia tatu.
Ziwa lote hili, hata ukiteremsha kamba kwenye shimo lake refu kabisa,
halifiki mia.
Nami sijui kuogelea.
Nanunua mabondo ya sangara Kirumba, nayakausha, nayapanga kwa gredi,
vifuko vya hewa vinavyomshikilia samaki asizame wala asielee,
na mwaka huu bei ilipopanda nikasema: sasa.

Saa sita ninazo, kwenye boksi la viatu juu ya kabati.
Mke wangu anajua tatu.

Hii niliisikia kwa Ndalahwa, fundi wa mtaa wa Rufiji:
"Ipo ya Uswisi, ya mzamiaji hasa, si ya kuvaa harusini.
Anayo binti yake, nesi. Usiende na gari, bei itapanda."
Nikaenda kwa miguu hadi Igogo, mawe juu, mawe chini,
nyumba zimeng'ang'ania mlima kama kupe.

Holo Kwilasa hakuitoa kabatini. Aliivua mkononi.
Ilikuwa na joto.
Baba yake alichomelea matumbo ya meli chini ya maji, Bandari ya Kusini,
miaka ishirini na mitatu, kwa kupapasa.
"Inajitia ufunguo yenyewe, mradi mkono utembee.
Tangu tumzike naivaa zamu za usiku. Haijasimama."

Nikaikagua nilivyojifunza kukagua:
pete ya dakika, mibofyo mia na ishirini, mmoja tu unateleza;
nukta za kijani zimegeuka rangi ya chai ya maziwa;
mkwaruzo kwenye kioo, kutoka mbili hadi tano,
na nikaomba kimoyomoyo asiwe amempa mtu aipige polishi.
Hakumpa mtu. Karatasi zake? Mchwa.
Boksi lake? Lina vifungo vya mashati.
Akataja nane. Nikataja tano. Akanyamaza,
na ukimya wake ukanipandisha mwenyewe, laki kwa laki,
hadi milioni sita na nusu,
kosa ambalo hata mtoto wa mwaloni halifanyi.

Ndalahwa akaweka lenzi jichoni. Mfuniko ukafunguka kwa kinyongo.
"Mashine nzima. Ila mpira wa kuzuia maji umekauka, umebaki uzi.
Mita mia tatu? Usinawie nayo hata ugali."
Akacheka. Akaigeuza, akaacha kucheka.
"Halafu inakosea. Sasa hivi ni saa tisa,
nayo inasema tisa."

Nilichelewa kuelewa.
Tulifundishwa kugeuza: mshale kwenye tatu, mdomo useme tisa,
na tumezoea hata hatuhisi tena huo mzunguko kichwani.
Yeye, tope machoni, pumzi ikipimwa,
hakuwa na pumzi ya kugeuza.
"Nikurekebishie?" Kidole tayari kipo kwenye kifundo.
Nikamshika mkono.

Jioni nikasimama Kamanga, kivuko kinashusha watu na mbuzi
na godoro lililobebwa kichwani likiwa limelowa upande mmoja.
Kidirishani, tarehe kumi na nne.
Mishale ikapanda, ikakutana juu kabisa,
na tarehe ikaruka: kumi na tano.
Jua bado linamalizia kule Sengerema. Simu mfukoni inabisha, kumi na nne.
Lakini bibi yangu angekubaliana na saa:
usiku huu ni wa kuamkia Jumapili, ni mali ya kesho,
siku huanza kwa giza, kama mtu anayeshuka chini ya meli.

Holo akatuma ujumbe: "Usiiache isimame."

Kitandani, mkono nje ya shuka, nautikisa polepole.
Mke wangu akageuka ukutani, akageuka tena.
"Saa ngapi?"
Sikujua anauliza lipi.
"Nne," nikamjibu.
Mishale nayo ilisema nne.
Boksi juu ya kabati halikusema kitu.