Kata Yenye Laini

Gari nimelinunua Bwiru, kwa mjane wa Masalu.
Jeupe, ubavu wake umekwaruzwa na jiwe
(nani Mwanza ambaye gari lake halijakwaruzwa na jiwe?).
Aliandika hati ya mauziano kwa peni ya kijani,
akanikabidhi kadi, funguo mbili na mwavuli wa marehemu.
"Hakuugua," alisema. "Alizimika tu, kama taa."

Usiku wa kwanza, getini kwangu Nyegezi,
kioo kikawaka: Karibu, Masalu.
Mimi ni Minza, nikajibu kwa sauti, kama mjinga.
Likaniuliza: Twende nyumbani?
Likachora mstari wa buluu kurudi Bwiru.

Sikuchungulia. Naapa sikuchungulia.
Nilikuwa natafuta redio, taarifa ya saa mbili,
kidole kikateleza,
Alhamisi zake zote zikajianika mbele yangu
kama dagaa mchangani, mmoja mmoja, macho wazi.

Kutoka nyumbani, saa mbili na dakika kumi.
Kupanda Bugando. Injini kuzimwa.
Saa tano na nusu, kuwashwa.
Kisha Kapripointi, kando ya maji,
dakika kumi na moja, injini ikinguruma, mkanda haukufunguliwa,
kiti cha abiria: hakuna mtu.
Kisha Bwiru.
Alhamisi thelathini na nane.

Kule mlimani kuna hospitali, na hospitali ina milango mingi.
Gari halikuandika aliingia upi.
Lakini kiti kilikuwa kinampima kila alipokaa:
themanini na mbili,
sabini na sita,
sitini na moja.

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo tulivyofunzwa.
Ila kata ya bibi yangu ilikuwa kibuyu,
ilining'inia ukutani, ikakauka, ikanyamaza.
Hii ina laini ya simu chini ya dashibodi,
haiombi vocha, haiishiwi,
kila ikipita Mabatini inanong'ona na mnara,
na mnara unanong'ona na mahali nisipopajua,
ambako yupo mtu, au hayupo mtu,
ajuaye kwamba Masalu alikuwa anakonda.
Labda watu wa bima. Labda yeyote aliyefika bei.

Jumapili mjane akapiga simu.
Nikadhani anautaka mwavuli.
"Hilo gari," akasema, "bado linamkumbuka?"
Nikanyamaza. Naye akanyamaza.
Upande wake nilisikia cherehani ikisimama.
"Usiniambie. Suruali zake nilizibana mimi,
mara tatu, kwa mkono huu, na sikumuuliza.
Alitaka nisijue, nikamsitiri nisijue.
Miezi tisa, Minza.
Sasa msitiri na wewe."

Nikaenda Kapripointi, palepale.
Mawe yamebebana tangu enzi zisizo na tarehe,
na la chini halijamwambia mtu
uzito wa la juu.
Nikabonyeza: Futa yote.
Likauliza: Una uhakika?
Masalu hakuulizwa hivyo siku walipoanza kumwandika.

Likafuta. Ama lilisema limefuta.
Kioo kikabaki kitupu kama sahani iliyooshwa,
na sisi tunaoosha sahani ufukweni huku
tunajua shombo ya sato haitolewi na maji peke yake.

Kisha likarudi, kwa adabu zote:
Karibu. Jina lako nani?

Sikujibu.
Nimekaa na mikono yangu juu ya usukani,
ziwa linapiga mawe, linaondoka, linasahau.
Natazama saa:
dakika kumi na moja, injini ikinguruma,
kiti cha abiria hakuna mtu
ila mwavuli.
Nami sijalipa jina,
lakini kiti kimeshanipima.