Buti la Kushoto

Nyuzi themanini chini ya sifuri:
hapo ndipo ninapoilaza damu ya Tuovi,
si yake hasa, ya kitovu cha mwanawe,
mililita tisa, kibandiko cha njano,
na mvuke unanipiga usoni kila nifunguapo jokofu
la maabara, Kuopio, mwezi wa pili.

Tuovi alikamua hadi usiku wa kuamkia uchungu.
Aliniambia huku anacheka, vidole vimepasuka kwa baridi,
nywele zanuka majani makavu na mkojo wa ndama.
"Andika na paka wanne," akasema, "na mbwa mmoja kiziwi."
Dodoso letu lina kisanduku cha ng'ombe.
Cha mbwa kiziwi halina.
Nikaandika pembeni.

Mlangoni pa seli wamekaa mabawabu
wasiojua kusoma, wasiouliza jina.
Wanajua hodi tu.
Huyu anaitambua hodi ya ukuta wa bakteria,
yule hodi ya uzi wa kirusi,
na hodi hizo ni kongwe kuliko mifupa.
Hawakufundishwa. Wamezaliwa wanajua.
Lakini wangapi wakae kizingitini
na wangapi walale kitabuni, hawajaitwa,
hilo huamuliwa na kalamu
isiyogusa herufi hata moja.

Kaboni moja, hidrojeni tatu.
Kichembe hicho kikitua mwanzoni mwa jeni, ukurasa unanyamaza;
kikibanduka, unasomeka.
Na uzi wenyewe umeviringwa kwenye vigurudumu vya protini:
palipokazwa, kimya,
palipolegezwa, bawabu anavaa kofia anakwenda kazini.
Nami kutwa nahesabu vilipotua,
kama mtu anayesoma barua kwa kupapasa mikunjo yake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Zizini wageni hawajui siku ya kwanza wala ya tatu,
wanaingia na vumbi, na maziwa, na ulimi wa ng'ombe,
hata mlango ukizoea haukurupuki tena
kwa kila chavua ipitayo njia.

Nyumbani kwangu nilipiga deki kwa klorini mara mbili kwa siku.
Mimba ya miezi saba, nimepiga magoti,
nasugua kona ambazo hata buibui alizihama.
Nilidhani ndio upendo.
Ulikuwa upendo.
Ilmo ana miaka saba sasa na pampu ya buluu mfukoni,
na usiku wa mwezi wa tano, mibetula ikichanua,
kifua chake kinapiga filimbi nami nahesabu,
kwani kuhesabu ndiyo kazi niliyosomea.

Sakari, mkuu wetu, amelipiga marufuku neno "kwa sababu".
"Andika: inahusiana na."
Anasema wastani haumjui mtoto yeyote.
Namshukuru kwa hilo kuliko anavyojua,
kisha saa tisa ya usiku simwamini.

Jumamosi Tuovi alitualika.
Ndama wa wiki tatu alimramba Ilmo sikio,
akamramba tena, kwa bidii, kama anayetafuta kitu ndani.
Ilmo alikohoa mara mbili.
Nikashika pampu.
Hakukohoa ya tatu.
Hiyo si takwimu: mtoto mmoja, ndama mmoja,
alasiri moja yenye theluji chafu.

Jioni nikaketi ngazini na brashi na ndoo.
Mkono haukuningoja; la kulia nilikwisha lisugua,
linang'aa kama la dukani, kabla sijajikuta.
Ndani anauliza kama mbwa kiziwi huota ndoto zenye sauti.
Sijui, nikamjibu. Kweli sijui.

Kilichokunjwa hakijafutwa, hilo nalijua.
Nani atakikunjua, na lini, na kwa mikono gani,
bado tunaandika "inahusiana na".

La kushoto nimeliacha mlangoni.
Si dawa. Najua si dawa.
Linanuka.