Nafasi ya Ngumi Moja

Zbyszko ananikabidhi keekee ya volti kumi na nane
kama anayenipakata mtoto wa kiume.
Hii, anasema, itatoboa hata dhamiri ya mwenye nyumba.
Nacheka. Kisha natoa mfukoni kipande cha mti
nilichokikata asubuhi: sentimita kumi na moja.
Hiki ndicho kitanda chake, namwambia. Ilaze.

Haikulazika.
Kichwa nje, kitako nje, na biti bado hatujaivisha.

Ni jikoni kwa Bi Gizela, ghorofa ya nne,
jengo la wafumaji wa zamani hapa Łódź,
kuta zake hazijawahi kusikia habari za pembe mraba.
Kati ya bomba la gesi na ubavu wa kabati
fundi aliacha nafasi ya ngumi moja,
tena ngumi ya mtoto.

Baba yangu Ambroży alikuwa na keekee moja tu,
nzito kama jiwe la kusagia,
na kwa kila kona iliyomshinda alikuwa na jibu: bomoa.
Mwenye nguvu mpishe.
Nyumba yetu ilimpisha miaka ishirini.
Mlango wa bafu una tundu lisilo na kazi hadi leo;
mama hulifunika kwa kalenda,
kila Januari kalenda mpya, tundu lilelile.

Zbyszko anarudi na nyingine, volti kumi na mbili,
kichwa kimepinda kama shingo ya bata aliyelala.
Kutoboa inaweza, anakiri, kukaza ni mvivu.
Ya tatu ni fupi, ya kugongagonga:
haikutegui kiwiko, ila kelele zake ndani ya kabati
ni kuvaa sufuria kichwani na kupigwa mwiko.
Kipo na kiungo cha kona, bei ya chakula cha mchana,
kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nauliza uzito. Nauliza betri.
Nauliza lile ambalo halikuandikwa kwenye boksi:
mkono ukipinda nyuma ya bomba, nami sioni,
kidole kitafika kwenye kitufe?
Zbyszko ananyamaza. Anafumba macho,
anaingiza mkono nyuma ya rafu ya rangi, na bata ndani yake.
Inafika, anasema.

Sasa nimelala chali chini ya sinki.
Bi Gizela ameshika tochi, anamulika sikio langu,
ananisimulia ndoa yake ya pili.
Parafujo ya kwanza imeingia. Ya pili.
Ya tatu imesita, imeguna, imeingia.
Ya nne haifikiwi hata na bata.

Nipe bisibisi, namwambia, ile nene, fupi kama kizibo.

Robo mzunguko. Pumzika.
Robo mzunguko.
Juu yangu Bi Gizela amefika kwenye talaka.