Vumbi la Juti

Kwa Prabodh Guhathakurta, baba yangu

Ulishuka kwenye treni Dundee mwezi wa Novemba,
saa kumi jioni, na giza limeshatanda.
Ulidhani saa yako imeharibika; uliitikisa, ukaitia sikioni.
Hilo ulitusimulia kila mwaka,
nasi kila mwaka tulicheka palepale.

Nyuma yako, Narayanganj, babu alikuwa bado akilowesha juti mtoni,
maji yakimfika kiunoni, akiambua nyuzi kwenye mabua.
Mbele yako, viwanda vilivyoisokota juti ileile.
"Mimi na gunia tulikuja njia moja," ulipenda kusema,
"ila gunia halikuulizwa pasipoti."

Miaka thelathini na mmoja ulitafuta jambo moja:
kwa nini vumbi lile lilimkaba huyu pumzi
na kumwacha jirani yake wa mtambo wa pili akipiga mluzi.
Hukulipata lote. Ulipata robo,
ukaiandika kwa herufi ndogo,
ukasema robo nayo ni kitu.

Wanawake wa viwandani mitambo ilikuwa imewaua masikio.
Walisoma midomo. Bi Ishbel Duthie ndiye aliyekufunza
kusema bila sauti, uso ukiwa kwenye mwanga,
ili umuulize anapanda ngazi ngapi kabla ya kukohoa.
Ukaileta lugha hiyo nyumbani.
Mama akinuna, ulimwomba radhi kwa midomo tu, juu ya sahani za samaki,
nasi watoto tukajifanya hatujui kusoma.

Jumapili ulitupeleka maabara "kuzilisha seli",
ukitamka kama mtu mwenye kuku.
Mimi na Tapan tuliketi kwenye ngazi baridi, tukimenya machungwa,
tukishindana nani atayamenya bila kukata ganda.
Hadi leo chungwa kwangu linanukia spiriti.

Mazishini walisema: alikuwa mtu wa kazi.
Wengine wakasema: alikuwa mtu wa familia.
Kana kwamba walikuwa wanaume wawili
wakipokezana koti moja.

Sitaki kukupaka mafuta, Baba.
Mahafali yangu uliyasahau. Uliwahi kumfokea Mama
kwa ajili ya friji iliyozimika na sampuli za miezi minne ndani yake.
Na siku ilipofika barua kwamba bibi amezikwa,
amezikwa wiki mbili zilizopita,
ulivaa koti, ukaenda kuhesabu chembe hadi asubuhi.
Nilidhani huna machozi.
Sikujua kwamba hadubini ina pahala pa jicho,
na jicho likishawekwa pale
hakuna alionaye.

Sasa ninapanga madaftari yako. La arubaini na saba,
kati ya pumzi za Bi Duthie na pumzi za mtu mwingine,
nimekuta mchoro wa penseli, mstari unaopanda kama kilima.
Nilidhani ni mgonjwa wako.
Shefali, miaka mitano.
Saa mbili usiku, thelathini na tisa nukta nane.
Saa mbili na nusu, arubaini.
Saa tatu, arubaini na moja; hapa penseli imetoboa karatasi.
Kila nusu saa, usiku kucha, bila kuruka hata nukta,
mpaka saa kumi na moja alfajiri:
Imeshuka. Amelala. Kabla ya kulala ameomba biskuti.
Kisha, bila hata kupiga mstari wa kutenganisha,
Sampuli ya 212.

Chuo kimeandika kuuliza masanduku yapelekwe wapi.
Sijajibu.
Nimelifungua daftari dirishani, mto Tay ukiwa chini, umevaa rangi ya bati,
nikageuza uso kwenye mwanga
nikasema neno moja, polepole, bila sauti.