Visahani Viwili

Cherehani ya mama inanizidi umri.
Ilinunuliwa Matrah, mkono wa pili,
ikapandishwa Ibra nyuma ya pikapu,
imezungushiwa magodoro kama mwari.

Tangu ipite arubaini yake sikuigusa.
Leo, siku nne kabla ya Idi,
Al-Mundhir, mtoto wa kaka yangu, kaja na kitambaa kwapani:
"Shangazi, mafundi wote wamejaa."

Nikakanyaga. Juu, mshono umenyooka
kama mstari wa daftari jipya.
Nikageuza kitambaa. Lo!
Vitanzi, mafundo,
nywele za mtu aliyeamshwa kwa kelele.

Nikasema: ugonjwa uko chini, na dawa iwe chini.
Nikakitoa kikopo cha bobini,
nikakaza kiskrubu chake robo mzunguko,
robo nyingine,
robo ya tatu kwa hasira,
hata uzi ukawa haupiti, unalia.
Vitanzi vile vile.

Dada Ghaniya, yuko Sharja, katuma sauti ya dakika sita:
nne za mkwe wake,
mbili za cherehani.
Badili sindano. Tia mafuta. Soma Ayatul-Kursi.
Nikabadili. Nikatia. Nikasoma.
Kitambaa kikapata doa.

Jua la saa nane halina haya.
Nikajitanda, nikavuka njia hadi kwa Shofiqul,
fundi wa Kibangali, pini mdomoni,
Kiarabu chake cha dukani, changu cha ugenini,
tukaelewana kwa makosa.
Mafundo yangu hakuyatazama.
"Uzi wa juu rangi gani?"
Mweupe.
"Na wa chini?"
Mweupe.
Akatema pini kiganjani:
"Utamjuaje mwizi, mama,
na wote wamevaa kanzu nyeupe?"

Akanipa vigae viwili vya uzi, mwekundu na wa buluu.
Sikulipa. Alikataa, au hakunielewa.

Mwekundu juu, buluu chini, kipande cha bafta.
Nikakanyaga shibiri moja, nikageuza:
vitanzi vyote vyekundu.
Kumbe aliyelegea ni wa juu,
na wa chini nimemnyonga bure.

Nikamfungulia robo zake tatu, moja moja,
kama anayerudisha maneno.
Nikakining'iniza kikopo kwa uzi wake, nikakitikisa kidogo:
kikashuka kama buibui, kikasita.
Ndivyo kinavyotakiwa.

Kisha juu. Nikazungusha kirungu toka nne mpaka tisa:
ni kumpa mkono mtu ambaye hayupo.
Tatu za usiku zimepita ndipo nilipokumbuka
jambo ambalo mama alikuwa akinipigia kelele:
inua mguu kwanza, ndipo utie uzi!
Mguu ukiwa chini, visahani vimefumba,
uzi unapita nje kama mgeni asiyebishiwa hodi.

Nikainua. Vikafumbua.
Nikapitisha ukanda wa bafta kati yake, huku na huku,
ukatoka na vumbi, na ufumwele wa kijivu,
na kipande cha uzi, urefu wa kucha,
zambarau.

Nikafungua sanduku lake. Nikafungua la pili.
Hakuna vazi la rangi hiyo, wala pindo, wala kiraka.
Mama alivaa kijani, kahawia na nyeusi.
Na pale kwenye kirungu, kati ya nne na tano,
nikaona kinukta chekundu: rangi ya kucha.
Hakupaka kucha. Si mbele yetu.

Nikaweka kirungu kwenye kinukta.
Mguu juu, uzi ndani, mguu chini.
Mwekundu na buluu vikakutana katikati ya kitambaa,
hakuna aliyemvuta mwenzake nje.

Kanzu nimeishona kwa uzi mweupe, alfajiri ikinikuta.
Al-Mundhir kaivaa, kageuka kioo hadi kioo,
kavuta kishada cha shingoni,
kasema mikono mirefu kidogo.
Hilo si kosa la cherehani.

Uzi wa zambarau nimeutia katika kibati cha bobini.
Ghaniya bado sijamwambia.