Lifti ya Sarafu

Kushuka ni bure katika jengo letu la Gldani.
Kupanda ndiko kunakolipiwa:
sarafu ya tetri kumi,
kisanduku cha bati kinaimeza, kinakohoa,
ndipo mlango unajifunga
kama mtu aliyeudhika.

Mwanangu Zurabi aliniletea chupa ya achari,
kaiosha, kaijaza sarafu mpaka shingoni.
"Mama, ngazi sasa basi."
Ilikuwa Machi. Nyonga yangu ilishikwa na misumari mitatu
tangu barafu iliponibwaga mbele ya duka la mikate
na mkate wangu nimeukumbatia.
Mkate mzima. Mimi nusu.

Nikakaa.
Sikujua kwamba kiti nacho kinakula.
Hakina haraka: kinaanza na paja,
kinafuata pumzi,
kisha ile hamu ya kwenda kuona nani amebisha hodi.
Mimi, niliyesimama miaka thelathini na mmoja
kiwandani kwenye nyuzi za hariri,
mashine kumi na mbili, nikizizungukia kama askari wa zamu,
nikawa nanyanyuliwa chooni na mke wa mwanangu
naye kageuza uso, kwa heshima.
Heshima ile iliniuma kuliko nyonga.

Akaja Tekla wa kliniki, kucha fupi,
saa ya kuhesabia shingoni kama filimbi.
"Kunja mikono kifuani, Bibi Tsiala.
Simama, kaa. Mara tano."
Mara ya tatu nilikwama katikati,
si wa kusimama, si wa kukaa,
magoti yakicheza kama kifuniko cha birika.
Hakunipa pole. Aliandika namba.
Nilimpenda kwa hilo.

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, mara tano.
Wiki ya pili, mara nane.
Viazi vikichemka nasimama kwa mguu mmoja,
kidole kimoja juu ya sinki,
nikiitukana serikali ili nisihesabu.
Naelekea ukutani kisigino mbele ya kidole,
narudi hivyo hivyo,
paka ananitazama kama aliyekata tiketi.

Mwezi Mei nikaanza ngazi.
Nashuka kwa lifti, bure,
napanda kwa miguu mpaka miguu ikatae;
pale ninaposhindwa ndipo ninapolipa.
Nililipa ghorofa ya kwanza. Siku nyingi nililipa ya kwanza.
Juni yote nililipa ya pili,
na siku moja ya mvua nililipa chini kabisa,
nikapanda nikilia, sarafu ilikuwa ya moto mkononi.
Nyumbani ni ya sita. Sijafika.
Tekla hanidanganyi: mfupa hauwi kijana tena,
na barafu itarudi, ina anwani yangu.

Jumapili Zurabi aliitikisa chupa.
"Mbona haipungui?"
Nikamwambia nauli imeshuka.

Ghorofa ya tatu anakaa Nodari,
aliyewahi kupandisha piano ya mwalimu Manana
hadi ya nane, yeye na mtu mmoja tu na mkanda wa ngozi.
Siku hizi hatoki. Husikiliza.
Anajua hatua zangu: moja nzito, moja inayoomba radhi.
Jana akauliza nyuma ya mlango:
"Leo ngapi?"
"Nne."
"Uongo."
"Fungua uone."

Nikashika chuma cha ngazi, nikangoja.
Kiti kikalia. Kimya.
Kikalia tena.
Mkono ukatafuta ukuta, kandambili zikaburuzwa,
zikasita, zikaburuzwa.
Muda ule yai lingeiva.
Kisha mlango ukaachia kadiri ya mnyororo wake,
na jicho moja, na nusu ya kidevu kisichonyolewa.
Hakuna aliyesema neno.
Tulisimama pale tukihema, yeye ndani, mimi nje,
kama watu wawili
waliotoka kuitua piano.